Kalondu, Baba Yetu

Sisi tuliokulia milima ya Kilungu, enzi ambazo redio moja iliwatosha watu wa kijiji kizima, tulilelewa kwa maagizo mafupi. Msichana hapigi mluzi. Mvulana halii. Msichana akiketi, magoti yagusane. Mvulana haonekani jikoni akifunua sufuria. Hakuna aliyetueleza sababu, nasi hatukuuliza, maana mtoto mwenye maswali alionekana mkaidi. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia vilele, wasichana tulishuka mtoni na mitungi, tukarudi tumeinama, ukanda umebana paji la uso, maji yakituchirizika mgongoni hadi kwenye visigino. Wavulana nao walifungua mbuzi, wakawafuata huku wakirusha mawe na kukohoa kama watu wazima. Shuleni tulipanga foleni mbili. Foleni ya wasichana ilipewa mifagio, na siku ya Ijumaa tukapewa samadi mbichi ya kupaka sakafu. Foleni ya wavulana ilipewa mapanga ya kufyeka nyasi. Mimi nilitamani sana kushika panga, na nina hakika kuna mvulana aliyetamani kupaka samadi, ingawa hataki kukubali hadi leo.

Nikiwasimulia vijana wa siku hizi huguna kwa huruma, kama kwamba tulikuwa kifungoni. Wao maji yako mferejini, na ukimwambia mmoja akafunge mfereji anaomba dakika tano amalize kitu kwenye simu. Hawajui raha ya kurudi nyumbani jioni ukasikia harufu ya muthokoi umechemka na mbaazi tangu saa sita, mahindi yake ya kutwanga yamelainika, mafuta ya ng'ombe yamewekwa kwa ncha ya kijiko tu ili yafike na kesho. Hawajui parachichi lililofichwa kwenye pumba mpaka likaiva, likagawanywa vipande na mama huku macho ya kila mtoto yakifuata kisu.

Jumamosi baada ya kazi tulicheza kwenye matuta ya shamba. Kulikuwa na kati ya kukwepa mpira, kulikuwa na bano ya gololi, lakini mchezo uliotukalia moyoni ni kalongolongo, ule wa kuigiza nyumba. Tulipika mchanga kwenye makopo, tukasonga ugali wa udongo mwekundu, tukawabeba ndugu zetu wadogo kama watoto wetu wenyewe. Na kila mara ilipofika wakati wa kuchagua baba, walinichagua mimi, Mwende, msichana. Wavulana hawakubisha, kwa sababu walijua siwezi kushindwa. Niliingia nikijikohoza, nikashika fimbo, nikaketi na kusukuma gauni katikati ya magoti, nikajipapasa kidevu, kisha nikauliza kwa sauti nzito: "Hapa mna nini?" Wenzangu walicheka, halafu wakanyamaza kidogo, maana nilifanana mno na baba.

Nilichokuja kukifikiria nikiwa mtu mzima ni kwamba baba niliyekuwa nikimwiga alikuwa mwanamke.

Jina lake Kalondu. Aliolewa bado msichana na mzee Nzioki, wakakaa miaka mingi bila mtoto, kisha Nzioki akafariki. Kalondu akabaki na nyumba, mbuzi, shamba lenye matuta mazuri yaliyochimbwa na mikono yake mwenyewe, na shemeji aliyeitwa Muthama, ambaye ng'ombe wake walikuwa wameanza kusahau mpaka hata kabla msiba haujaisha. Ndipo Kalondu akafanya jambo ambalo Ukambani lilijulikana tangu zamani. Mwanamke asiyejaliwa mtoto aliweza kuoa. Alipeleka mbuzi na ng'ombe kwa wazazi wa msichana kama mwanamume yeyote, mbele ya wazee wa ukoo, akamleta nyumbani. Msichana huyo aliitwa iweto, na watoto aliowazaa walikuwa wa boma lile, wenye jina na haki zote. Aliyemwoa ndiye mume.

Iweto wa Kalondu ndiye mama yangu, Syombua. Alitoka upande wa Kitui mwaka wa ukame mkali, msichana mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake, mlango ukitazama uwanja mmoja. Mama alituzaa wawili, dada yangu Ndinda na mimi. Najua swali ambalo msomaji analo sasa. Ndiyo, kulikuwa na mtu ng'ambo ya bonde aliyekuja na kwenda, na hatimaye hakuja tena. Alituletea miwa mara chache. Hakuwa baba yetu, na sikumbuki siku hata moja tuliyomkosa. Kwingine watoto wa iweto humwita mume huyo susu, yaani nyanya. Kwetu, mama alitufundisha tangu tulipoanza kutamka maneno kwamba yule ni Nau, baba yangu. Tukamwita Nau, na yeye akaitika.

Mwaka wa kwanza wa shule, mwalimu mgeni aliyetoka mbali alizunguka darasani akiuliza kila mtoto jina la babake. Aliponifikia nikasema Kalondu. Akasema polepole, akidhani sikuelewa, kwamba hilo ni jina la mwanamke. Nikamjibu ndiyo, mwalimu. Mvulana aliyeketi nyuma yangu akainua mkono kunisaidia, akasema ni kweli, hata yeye humwona akipeleka mbuzi malishoni. Darasa halikucheka. Mwalimu ndiye aliyecheka, baadaye, alipokwisha kuelezwa na wenzake, na tangu siku hiyo alimsalimia Nau njiani kwa kuvua kofia.

Nau hakuwahi kuvaa suruali. Alivaa gauni na leso kama wanawake wote wa rika lake, na juu yake koti zito la marehemu mumewe, mvua iwe au jua. Kwenye paji la uso, chini ya kilemba, alikuwa na bonde jembamba lililochimbwa na ukanda wa mitungi kwa miaka yote aliyokuwa mke. Hilo halikufutika. Lakini siku aliyomleta mama aliuweka ukanda chini, na hakuubeba tena. Hakuingia jikoni. Alikula wa kwanza, akiwa ameketi kwenye kigoda cha miguu mitatu mlangoni pa nyumba yake. Alichinja mbuzi mwenyewe. Alipiga mluzi, tena vibaya, mluzi wenye hewa nyingi kuliko sauti, kwa sababu alijifunza akiwa na miaka arobaini na kitu. Mama alitusimulia kwamba miezi ile ya mwanzo alimsikia kila alfajiri kule bondeni akijaribu, mbuzi wakimtazama tu.

Mama alikuwa na masimulizi hayo mengi, na alitusimulia tukiwa tumeketi jikoni tukichambua maharagwe. Alisema uanaume haukumjia Nau kwa siku moja. Mwanzoni chakula kikiiva alikuwa akisahau, anainuka kwenda kupakua. Mama anamwambia keti. Akisikia mtoto wa jirani analia, mikono yake inanyooka yenyewe. Akitembea na mama barabarani anajikuta ametangulia kuchukua mzigo. Basi mama akawa anamkumbusha kwa macho, kwa kikohozi, kwa kumtangulizia maji ya kunawa kabla hajayaomba. Kila mlo, mama alitoka jikoni na birika na bakuli, akapiga goti kidogo, akammiminia Nau maji mikononi kabla ya mtu mwingine yeyote. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuwa mume wangu," alisema mama, akacheka kile kicheko chake cha puani. Na nje ya boma kulikuwa na mafunzo mengine. Alipokwenda mkutano wa ukoo mara ya kwanza, wanaume hawakumpa mahali pa kuketi. Alisimama mpaka mkutano ukaisha. Mkutano uliofuata akaenda tena, akasimama tena, na uliofuata vilevile, hadi mzee mmoja akachoka kumwona pale wima kama nguzo, akasogea kwenye benchi. Tangu hapo nafasi ile ikawa yake.

Nimeyawaza sana haya. Ile fimbo, kule kujikohoza mlangoni, kule kupapasa kidevu kisicho na ndevu, Nau aliyapata kwa mumewe Nzioki. Nzioki naye lazima aliyapata kwa babake, na babake kwa mwingine. Nami nikayachukua nikayapeleka kwenye matuta, nikawa baba mzuri kuliko wavulana wote. Tulikuwa tukiigana kwa msururu mrefu, na sijui aliyeanza alimwiga nani. Ninachojua ni kwamba kwa mtoto aliyekua akiyaona kila siku, haukuwa mchezo hata kidogo. Ukisikia kikohozi kile mlangoni, unaketi vizuri.

Lakini sitaki msomaji adhani mambo yalikuwa mepesi kwake. Wanawake wa Kilungu walikuwa wakisuka viondo wakitembea, wakienda sokoni, wakingoja zamu mtoni, kamba za katani zikiwatoka midomoni na mazungumzo yakitiririka. Nau alikuwa amesifika kwa kusuka kabla ya kuwa mume. Mume hasuki. Siku moja niliingia ghalani kwake kutafuta yai la kuku aliyezoea kutagia huko, nikamkuta ameketi juu ya gunia, koti amelivua, mguu mmoja ameunyoosha, anasokota katani pajani haraka kama mtu anayejikuna. Kando yake kulikuwa na kiondo cheusi na chekundu kilichofika nusu. Hakushtuka. Aliniambia nifunge mlango.

"Nau, hiki cha nani?" nikauliza.

"Si cha mtu," akasema. "Mikono inakataa kukaa bure."

Akanionyesha jinsi ya kubadilisha rangi bila fundo kuonekana. Nje tulisikia wanawake wakipita wakielekea mtoni, mmoja akisimulia jambo, wengine wakiangua kicheko. Nau aliacha kusokota mpaka sauti zikapotea. Wakati ule nilidhani anaogopa kusikika. Siku hizi naamini alikuwa akisikiliza.

Ndinda alipofika umri wa kuolewa, akapata kijana wa Mukuyuni, fundi wa baiskeli, mtu mtaratibu. Wakapanga kuleta mbuzi wa ntheo, wale ambao kwa Mkamba wasipochinjwa, hata mkiishi pamoja mpaka mvi ziwatoke, hamjaoana. Mbuzi hao hupokewa na baba wa msichana, na baba ndiye humwuliza binti yake mbele ya wageni kama waliwe au warudishwe. Wiki nzima tulifagia, tukapaka kuta udongo mweupe, tukatwanga muthokoi mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Asubuhi ya siku yenyewe Muthama alifika mapema. Alikuwa amevaa suti ya kahawia na kofia, ndevu amezinyoa, akanukia sabuni. Alivuta kigoda cha Nau kutoka mlangoni, akakiweka katikati ya uwanja, akakikalia. Nau alipotoka akamkuta pale. Muthama hakuwa mtu wa kelele. Aliongea taratibu, kama anayemwonea mtu huruma. Alisema nyakati zimebadilika. Watu wa Mukuyuni ni watu wa kanisa, watacheka wakiona mwanamke anapokea ntheo. Alisema mambo ya iweto wachungaji wanayakemea kila Jumapili, na kweli walikuwa wakiyakemea, kwani mama yangu alikwenda kanisani maisha yake yote akiketi benchi la nyuma na hakuwahi kuruhusiwa kushiriki meza ya Bwana. Muthama akasema yeye, kwa heshima ya marehemu kaka yake, atasimama kama baba siku hii moja tu.

Siku hii moja tu. Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa. Anayepokea ntheo ndiye baba, na aliye baba ndiye mwenye boma. Akishaitwa baba wa Ndinda mbele ya koo mbili, kesho shamba lingekuwa na mwenyewe, na sisi tungekuwa wageni waliofadhiliwa. Nau alielewa kuliko sote. Aliwatazama wazee wa ukoo waliokuwa wamekwisha kuwasili. Mmoja alitazama viatu vyake. Yule aliyewahi kumsogezea nafasi kwenye benchi hakuwepo tena duniani. Nau akaingia ndani, akakaa kitambo, kisha akatoka bila fimbo. Akaenda kusimama ukutani, karibu na wanawake waliokuwa wakimenya viazi. Mikono yake ilikuwa inatafuta pa kukaa. Sijawahi kumwona mtu aliyevaa koti kubwa akionekana mdogo namna ile.

Ndinda alikuwa jikoni amejifunga leso mpya, akaniambia hatatoka. Nilimkimbilia mama. Mama alikuwa akipuliza moto. Nikamweleza kila kitu, naye akaendelea kupuliza, nikadhani hajanisikia.

Wageni wakafika na mbuzi wao, wakiimba, wakapewa viti. Baada ya salamu, msemaji wao, mzee mnene mwenye sauti nzuri, akasimama. Akasema wametoka mbali, wameona ua katika boma hili, na kabla hawajafungua kinywa zaidi wangependa kumsalimia baba wa msichana. Muthama akajiweka sawa kwenye kigoda, akavua kofia.

Mama alitoka jikoni na birika na bakuli, taulo begani. Ilikuwa bado si wakati wa kula, na watu wakatazamana. Alipita katikati ya uwanja, akampita Muthama ambaye tayari alikuwa ameanza kunyoosha mikono, akawapita wazee, akaenda moja kwa moja mpaka ukutani. Akapiga goti lile dogo, kama alivyofanya asubuhi na jioni miaka yote niliyomjua. Nau akamtazama. Sidhani aliamua. Mikono yake ilijinyoosha kwa mazoea tu, na mama akammiminia maji. Uwanja ulitulia hata tukasikia maji yakidondoka kwenye bakuli. Mama akampa taulo, akamngoja ajifute kidole kwa kidole. Kisha akageuka, akaenda kwa yule msemaji wa wageni na kusimama mbele yake na birika.

Kama msemaji angekataa, sijui tungekuwa wapi leo. Alimwangalia mama, akamwangalia Nau pale ukutani, akaliangalia lile koti. Akanyoosha mikono, akanawa. Wenzake wakafuata mmoja mmoja, kisha wazee wetu, na yule aliyekuwa akitazama viatu akanawa huku ameinua uso. Wote walikwisha kunawa ndipo mama akafika kwa Muthama. Naye alinawa. Angefanya nini? Halafu akainuka mwenyewe, bila kuambiwa, akaenda kuketi kwenye benchi na wengine.

Nau alitembea mpaka kwenye kigoda. Akakaa, akasukuma gauni katikati ya magoti, akajikohoza.

"Baba wa msichana ni mimi," akasema. "Semeni mliyokuja nayo."

Wakasema. Mbuzi wakaonyeshwa, wakapapaswa mgongo, wakasifiwa. Ndinda akaitwa, akatoka macho mekundu. Nau akamwuliza mbele ya watu wote, "Ndinda, mbuzi hawa tuwale?"

"Waleni, Nau," dada yangu akajibu, na alilitamka jina hilo kwa nguvu mpaka watu wa nyuma wakasikia.

Jioni, wageni wakiwa wameondoka na jua likiwa bado limeshikilia kilele cha mlima, Nau aliketi jikoni kwa mama, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kuketi. Alikuwa amevua koti na kulikunja mapajani. Mama alikuwa anakwangua sufuria. Mimi nilikuwa mlangoni nikila makombo, wakanisahau.

Nau akasema amechoka leo na uanaume. Mama akacheka puani. Nau hakucheka.

"Nilikuwa nimemwachia," akasema. "Ulijuaje kwamba watanawa?"

"Sikujua," mama akajibu. "Lakini ningekuacha ukawa mwanamke leo, mimi ningekuwa mke wa nani? Na watoto hawa wangekuwa wa nani?"

Nau aliomba uji, mama akampa, akaunywa palepale jikoni kando ya moto, na hakuna aliyemwambia keti kule.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Uzee ulipomwinamisha, koti likawa zito, akaanza kuketi uwanjani bila koti, na siku moja tukamkuta anasuka kiondo mchana kweupe, mbele ya wapita njia. Hakuna aliyesema neno. Nadhani kufikia hapo watu walikuwa wamezoea kiasi kwamba hata angepika, wangesema mzee Kalondu anapika. Muthama mwenyewe, naye akiwa amezeeka, alikuwa akija kuketi naye, wanalalamikia magoti yao. Nau alipofariki, mchungaji alimtaja kama mama yetu mpendwa, na mzee wa ukoo aliyemfuata akamtaja kama mzee wetu, na watu waliitikia amina kwa wote wawili. Mama alivaa nguo za ujane. Alizivaa mwaka mzima.

Binti yangu Mutanu yuko chuo kikuu Nairobi. Likizo iliyopita alinikalisha sebuleni kwangu mjini Wote akaniambia, kwa upole wa daktari anayetoa habari mbaya, kwamba mambo ya mwanamume na mwanamke watu ndio wameyatengeneza, kwa kuyarudiarudia. Alinitazama kuona kama nitaanguka. Nikamwuliza kama huko ndiko karo niliyolipa ilikokwenda. Kisha nikamsimulia habari za Nau, na yeye, ambaye huwa hasikilizi dakika mbili bila kugusa simu, alisikiliza mpaka chai ikapoa. Mwishowe akauliza, "Sasa, mum, huyo alikuwa anajiidentify kama nani?" Nikamwambia alikuwa mwenye boma. Hakuridhika, nikaona. Anataka neno. Labda liko kwenye vitabu vyake. Kwetu halikuhitajika, au labda lilihitajika sana ila hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwuliza Nau mwenyewe alivyojisikia ndani ya lile koti. Hilo ndilo ninalosikitikia, kwamba nilimpenda nisimwulize.

Mambo yamebadilika, sikatai. Siku hizi naona wasichana wakiendesha malori hadi Mtito Andei, wanashuka kwenye kituo cha mafuta na kukagua magurudumu kwa mateke. Naona vijana wa kiume wakibeba watoto mgongoni kwenda kliniki, na wengine wakisukwa nywele saluni wakiwa wamefumba macho kwa raha. Wanapiga mluzi wote. Nafurahi. Enzi zetu hayo yote yangemtoa mtu machozi.

Hata hivyo mwezi uliopita nilialikwa sherehe ya mahari ya binti wa Mueni, mwenzangu tunayeuza naye nafaka sokoni. Mueni amemlea yule mtoto peke yake tangu akiwa mchanga, akamsomesha kwa ndengu na maharagwe. Kulikuwa na mahema meupe, spika kubwa, vitenge vya kufanana, na kijana wa kuongoza sherehe aliyechanganya lugha tatu katika sentensi moja. Na kwenye kiti cha baba, kile kilichofungwa utepe, aliketi mwanamume nisiyemfahamu. Nikauliza ni nani. Nikaambiwa ni ndugu wa mbali aliyetafutwa Kitui, amekuja kusimama kama baba kwa siku hii. Alikuwa akilitaja vibaya jina la msichana. Mueni nilimpata nyuma ya hema, amejifunga leso, anapanga sahani.

Nikamwuliza kwa nini hakuketi yeye pale mbele.

"Aki Mwende," akasema bila kuinua macho, "watu wangesema nini?"

Nilichukua sahani nikaanza kumsaidia, maana sikutaka kumharibia siku. Lakini nilitamani kumwambia kwamba enzi zetu watu walisema pia. Walisema sokoni, walisema kanisani, walisema njiani kwenda mtoni. Walisema mpaka wakachoka, halafu wakazoea.